Pikapu Iliyokunywa Alizeti

Mwezi wa sita, baridi ya Sumbawanga hutoka ardhini. Hupanda kupitia nyayo, ikafika magotini, na ikishika kiuno mtu mzima hujua kwamba asubuhi hiyo atatembea kama mkokoteni uliokosa grisi. Isdori aliijua baridi hiyo tangu utoto wake, ila zamani ilimkuta ndani ya koti zito la kazi lenye jina la kampuni mgongoni. Sasa ilimkuta ndani ya koti la mtumba ambalo vifungo vyake vilikuwa upande wa kike. Alilinunua hivyo hivyo akijua. Baridi haiangalii vifungo.

Alitoka Malangali jua likiwa bado nyuma ya Milima ya Mbizi, mfuko wa spana begani, akaelekea tena kwa Zubery kuliamsha gari. Watu wa mtaani walikuwa wamekwisha kuzoea kumwona akipita. "Fundi, mgonjwa wako hajapata nafuu?" alimtania mama mmoja aliyekuwa akifagia uwanja. Isdori akainua mkono bila kujibu. Utani wa asubuhi ulihitaji nguvu, na zake alikuwa amezigawa zote kwa kazi.

Ujana wake wote aliumaliza kwenye karakana ya kampuni ya usafirishaji ya mkoa, akiwa fundi wa injini za dizeli. Malori yale aliyajua kwa mlio, kama mfugaji ajuavyo ng'ombe wake gizani. Kisha zikaja siku ambazo neno lililokuwa midomoni mwa kila mtu lilikuwa ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kuagiza gari kuukuu kutoka Japani na kulisajili kwa jina lako. Kampuni ikauzwa, malori yakavutwa kwenda Mbeya moja baada ya jingine, na Isdori naye akapewa ruksa yake: ruksa ya kukaa nyumbani.

Zubery ndiye aliyemtoa nyumbani. Alikuwa mfanyabiashara wa mjini, baba yake aliuza vitambaa na yeye akaongeza usafirishaji, na pikapu yake ya dizeli ilipanda na kushuka kati ya mji na bonde la Rukwa. Ilishusha sabuni, chumvi na vitenge kwenye soko la Milepa, ikapandisha mpunga na samaki wakavu, na abiria wakiwa juu ya mizigo, wengi wao Wasukuma waliohamia bondeni na ng'ombe wao. Tatizo lilikuwa dizeli. Ilikuja kwa mapipa kutoka Mbeya, na mvua zikikolea malori yalilala kwenye tope njiani, ikawa dizeli inayofika mjini imechanganywa na mafuta ya taa na mikono mingi isiyojulikana.

Na huku kote kwenye uwanda, hadi Mwazye na kuendelea, alizeti zilikuwa zimesimama mashambani zikitazama jua.

Isdori ndiye aliyesema. Alisema siku moja, bila kutarajia kwamba ataaminiwa, kuwa injini ya dizeli haichagui sana chakula; mafuta ya alizeti yanaungua vizuri mradi injini iwe imeshapata moto. Zubery akasema, "Fanya." Ndipo Isdori akalifunga tangi la pili nyuma ya kibini anamokaa dereva, akaweka koki. Gari liliwashwa kwa dizeli kidogo, likishapata moto dereva anageuza koki linakunywa alizeti, na kabla ya kulizima anarudisha koki kwenye dizeli ili mabomba yalale na kitu chepesi. Gari likaenda. Moshi wake ulinukia kama jiko la mtu anayekaanga, na watoto wa Milepa wakawa wanalikimbilia wakiuliza maandazi yako wapi.

Mafuta yalitoka uani kwa Isdori mwenyewe. Mkewe, Getruda, alikuwa na mashine ya kukamulia ya mkono, ile ya mpini mrefu ambao mtu huuning'inia kwa uzito wake wote. Nyumba yao ilisimama juu ya mpini huo. Sokoni mafuta ya alizeti yalikuwa yamekosa wanunuzi tangu maduka yalipojaa mafuta ya kula ya madebe kutoka nje, meupe, yasiyo na harufu, yenye picha nzuri. Mnunuzi wa Getruda wa uhakika alikuwa mmoja tu, nalo lilikuwa gari.

Sasa gari lilikuwa linakataa kuwaka.

Alipofika uani kwa Zubery alimkuta Kheri amekaa kwenye ngazi ya kibini, kofia ya sufu imeshushwa hadi kwenye nyusi. Kheri alikuwa mpwa wa Zubery na dereva wa pikapu, mwanamume wa mdomo mwepesi na moyo mwepesi vilevile.

"Shikamoo, mzee Isdori."

"Marahaba. Limekataa?"

"Limekataa kama bibi harusi wa kulazimishwa. Nimelibembeleza, nimelitukana, nimelisomea dua. Bondeni mzee, wallahi, nikigusa ufunguo tu linaitikia. Nikilipandisha huku juu likalala usiku mmoja, asubuhi linanigeuzia mgongo."

"Koki ulirudisha?"

"Nilirudisha."

"Kheri."

"Mzee, nilirudisha! Kila siku unaniuliza hilohilo, na kila siku najibu hilohilo. Utadhani mimi ndiye koki."

Zubery akatoka ndani, kanzu chini na jaketi juu, kikombe cha chai mkononi. Hakusalimia kwa maneno mengi. "Fundi, kesho kutwa ni soko la Milepa. Mara iliyopita nimefika watu wanafunga mizigo. Nasema mbele yenu wote wawili: kama siku hiyo gari hili halikuwaka lenyewe, habari ya alizeti nimeachana nayo. Nalirudisha kwenye dizeli."

"Nimesikia, Bwana Zubery."

Alisikia zaidi ya kilichosemwa. Aliusikia mpini wa mashine ukinyamaza.

Akaanza upya kabisa, kama mtu asiyemjua mgonjwa. Betri: taa zikang'aa, honi ikalia kwa sauti ya kuudhi. Hita plagi, zile zinazopasha moto chumba cha injini kabla ya kuwasha, akazigusa kwa waya moja moja, zote zikatoa cheche. Akamwambia Kheri apige stata. Injini ikazunguka kwa nguvu, ikazunguka, ikazunguka, na Isdori akawa amesimama nyuma anatazama bomba la moshi. Halikutoa hata unyuzi.

Injini inayokataa huku ikitoa moshi imekosa joto. Inayokataa bila moshi imekosa mafuta. Hilo alilijua siku zote, na siku zote lilikuwa limempeleka mahali pamoja: kwenye chujio. Alilifungua. Ndani yake kulikuwa na kitu cheupe, kizito, kama uji wa mchele uliolala. Asubuhi zilizotangulia alikuwa akikitazama na kusema moyoni, haya ni mafuta yameganda kwa baridi, Kheri amesahau koki. Akamwagia chujio maji ya moto, akalisafisha, akatoa hewa kwenye bomba, gari likawaka, na yeye akarudi nyumbani kifua mbele. Baada ya siku kadhaa kikarudi kilekile.

Leo alichoka kujiamini. Akachota ule uji kwa bisibisi, akauweka kwenye kifuniko cha kopo, akaenda kuuweka juu ya jiko la mkaa lililokuwa likichemsha chai ya nyumba. Akachutama. Kama ni mafuta yaliyoganda, yangeyeyuka polepole na kutulia, manjano, kimya. Haukuyeyuka kimya. Ulianza kutatarika, ukarusha matone, ukamrukia mkononi.

"Maji," alisema.

"Maji yatoke wapi?" Kheri aliuliza. "Tangi lina kifuniko, na mvua iliisha zamani."

Isdori akachota uji mwingine kwa ncha ya kidole, akautia ulimini. Akakaa nao mdomoni kwa muda, macho yakitazama majivu. Kisha akatema.

"Nini?" Zubery alisogea.

Mdomo ulikuwa umeshafunguka kabla ya akili kufika. "Chumvi."

Likawa kosa lake la kwanza asubuhi hiyo, na lilitosha. Zubery akaweka kikombe chini taratibu, kwa namna ya mtu anayejizuia. "Chumvi. Kwenye tangi langu." Akamgeukia mpwa wake. "Kheri, Milepa gari unalilaza wapi?"

"Pale pale sokoni, mjomba."

"Nje ya kilabu."

"Karibu na kilabu. Karibu si ndani."

"Watu wangapi wa magari wanalitaka soko lile, wanataka nife njaa? Nawe unaliacha gari langu wazi linawekwa chumvi kama samaki! Au walikulipa ukafungua kifuniko mwenyewe?"

"Mjomba!" Sauti ya Kheri ilipoteza mzaha wote. "Mjomba, mimi nikuwekee chumvi wewe?"

"Funguo."

"Mzee Isdori, sema kitu."

Isdori alikuwa anafuta kidole kwenye suruali. Kidole kilikuwa kimekwisha kutakata na bado alikuwa anakifuta. Tangu chumvi ilipogusa ulimi wake hakuwa ameuona ua wa kilabu wala adui yeyote wa soko la Milepa. Alikuwa ameona sufuria kubwa jeusi, mafiga matatu, na mgongo wa mwanamke aliyeinama.

"Nipe mpaka kesho, Bwana Zubery," alisema. "Nilitazame tangi lote."

Kheri akaweka funguo kwenye kiganja cha mjomba wake, akaondoka bila kuaga.

Njia ya kurudi Malangali ilikuwa ileile, lakini Isdori aliitembea kama inapanda. Kuna uchovu wa mikono, huo unalala nao ukaamka umepona. Na kuna ule unaomkuta mtu pale anapojua jambo ambalo angefurahi zaidi kutolijua, na lazima alibebe mpaka mlangoni kwake.

Getruda alikuwa uani, amejitanda kitenge mabegani, anakung'uta mashudu ya alizeti kutoka kwenye mashine. Uso wake ulikuwa na jasho katika baridi ile.

"Limewaka?"

"Bado. Mama Silvana, mafuta ya gari ukishakamua unayafanyaje?"

"Nayafanyaje? Nayachemsha."

"Na nini?"

Akamtazama kama anayemtazama mgeni. "Na maji na chumvi. Baba Silvana, umekula mafuta kwenye nyumba hii mpaka umeota mvi, hujui yanachemshwa na nini? Uchafu unakamatwa na maji, unazama. Ndivyo mama alivyofanya, na mama yake."

"Nilikuambia ya gari yatulie tu, uyachuje kwa kitambaa."

"Uliniambia, na mwanzo nilifanya hivyo. Halafu nikakutana na Kulsumu, mke wa Zubery, pale kwenye mashine ya kusaga. Akanishika mkono mbele za watu. 'Dada Getruda, mafuta yako hayo tunayachota kidogo kwenye dumu la gari, tunakaangia maandazi, ila yanakwaruza koo.' Yanakwaruza koo!" Akakung'uta mikono. "Nilitamani ardhi inifiche. Watu wanakula mafuta mabichi yaliyotoka uani kwangu, na wanajua yametoka kwangu. Tangu siku hiyo sijatoa tone ambalo halijaona moto. Dumu ni hilohilo moja. Ningejuaje yapi ya sufuria na yapi ya tangi?"

Isdori akakaa kwenye gogo. Cheko lilimjia, likafika kifuani, likakosa nguvu ya kutoka. Kumbe walikuwa wamelilisha gari kama mgeni wa heshima. Lilikuwa limepewa kilicho bora zaidi katika nyumba, na hicho ndicho kilichokuwa kinaliua. Maji yaliyobaki kwenye mafuta yaligeuka uji kila usiku wa baridi, na bondeni kwenye joto yakapita. Kheri alisema kweli siku zote.

Akamweleza mkewe. Alieleza kidogo kidogo, akichagua maneno, na Getruda akasikiliza huku mikono yake ikizidi kukosa mahali pa kukaa.

"Limekufa?"

"Halijafa. Limevimbiwa."

"Na Zubery amesemaje?"

"Anadhani ni hujuma. Amemnyang'anya Kheri funguo."

Kuku akapita akidonoa mashudu, Getruda hakumfukuza.

"Sikiliza," Isdori alisema. "Leo nikirudi nitaliosha tangi, litakauka. Wewe acha maji, acha chumvi. Asubuhi gari litawaka, Zubery atafurahi, maneno yatakwisha. Hakuna haja ya mtu kujua."

"Na Kheri?"

"Ni mpwa wake. Hasira ya mjomba ni moshi, upepo ukija inaondoka."

"Ikiondoka itaacha jina. Dereva aliyeuza gari la mjomba wake. Nani mwingine atampa usukani mji huu?"

"Mama Silvana, Zubery akijua ni mafuta, hatanunua tena. Unaelewa? Tutakamua tumuuzie nani?"

"Naelewa. Mpini naushika mimi, wewe unadhani sielewi?" Hakupandisha sauti. "Lakini chungu nimekiteleka mimi, sitakaa nimtazame mwingine akiungua."

Isdori aliangalia chini. Alikumbuka karakana, zile siku za mwisho, vifaa vilipokuwa vinatoweka stoo kabla ya malori kuuzwa. Walijua wote ni nani anayevitoa. Walipoulizwa walitazama viatu vyao, na lawama ikamwangukia mtunza stoo, mtu mpole ambaye hakuwa na wa kumsemea. Isdori alikuwa miongoni mwa waliotazama viatu. Hakuwahi kuliona jambo hilo kuwa dhambi. Aliliona kuwa uchovu. Sasa uchovu uleule ulikuwa umemshika tena, na mkewe alikuwa amesimama mbele yake amechoka kumzidi, na bado anajiuliza avae kitenge gani kwenda kwa Zubery.

Asubuhi walikwenda wote wawili. Nyasi za kando ya njia zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, na zilipasuka chini ya miguu yao.

Zubery alikuwa amesimama kando ya gari. Alimwona Getruda, akashangaa, akarekebisha jaketi. "Karibu, Mama Silvana. Kwema?"

"Kwema, Bwana Zubery, ila si kwema sana. Ile chumvi ni yangu."

Akasimulia kama mtu anayetua mzigo, kamba kwa kamba: maandazi, koo, maji, chumvi, dumu moja. Hakuomba msamaha, wala hakumtaja mumewe. Kwenye mlango wa jikoni Kulsumu alikuwa amesimama anasikiliza, mkono mdomoni. "Jamani," alisema polepole, "mimi nilikuwa natania tu habari ya koo."

Zubery alimtazama mkewe. Kisha akatuma mtu amwite Kheri. Kheri alipofika, macho mekundu, mjomba wake akamtupia funguo, naye akazidaka.

"Ni maandazi ya mke wangu," Zubery alimwambia. Huo ndio ulikuwa msamaha wake wote, na Kheri aliupokea.

"Nilisema koki nilirudisha," Kheri alisema, lakini akimtazama Isdori.

"Ulisema," Isdori akajibu. "Nami sikukusikia."

Halafu Zubery akawageukia mume na mke. Hakuwa na hasira, na hapo ndipo Isdori alipojua. Mtu mwenye hasira unaweza kumngoja ipoe. "Mama Silvana, sina neno nawe. Umekuja mwenyewe, wengine wasingekuja. Mafuta ya jikoni tutaendelea kuchukua kwako, chupa kwa chupa. Lakini gari, hapana. Litarudi kwenye dizeli."

"Bwana Zubery," Isdori alisema, "yakikamuliwa bila maji, yakatulia, yakachujwa..."

"Fundi. Hili la chumvi umelijua jana. La mwezi ujao litakuwa lipi?"

Isdori alilitafuta jibu. Alilitafuta kwa uaminifu, kama alivyolitafuta tatizo, akapita kwenye chujio, kwenye pampu, kwenye nozeli, kwenye baridi ya mwezi wa saba iliyokuwa inakuja. Hakulipata.

"Sijui," alisema.

"Nami nimechoka kutojua," Zubery akasema. "Lifungue tangi lako."

Alilifungua mwenyewe, nati kwa nati. Akaing'oa koki, akakaza bomba la dizeli moja kwa moja hadi kwenye chujio jipya, akatoa hewa mpaka dizeli safi ikamtiririkia vidoleni, baridi kama maji ya kisima. Getruda hakuondoka. Alikaa kwenye ukingo wa sakafu, Kulsumu akamletea chai, na wanawake hao wawili wakakaa pamoja.

"Piga," Isdori akamwambia Kheri.

Stata haikumaliza hata mzunguko. Injini ilishika papo hapo, ikanguruma, moshi mweusi wa dizeli ukaenea uani. Kheri akapiga honi kwa furaha, kisha akakumbuka, akaitoa mikono kwenye usukani. Isdori alisimama akisikiliza. Mlio ulikuwa safi. Kazi ilikuwa safi. Katika maisha yake yote ya ufundi hakuwahi kusikia injini ikiwaka vizuri namna ile na yeye akatamani izimike.

Akakusanya spana zake.

Walipofika barabarani Getruda alisema, "Alizeti za Mwazye tumekwisha kuzichukua. Hatuwezi kuzirudisha ardhini."

"Hatuwezi."

"Kesho nitakaa sokoni na chupa."

"Na yale madebe ya nje?"

"Yatakaa na mimi nitakaa."

Isdori alitaka kumwambia kwamba sokoni asubuhi kuna upepo, kwamba wanaouza chini wanakalia magunia matupu, kwamba yeye ana kiuno kibovu kuliko anavyokiri. Getruda alikuwa amekwisha kumtangulia hatua chache, anatembea kwa mwendo wake wa siku zote. Isdori akahamisha mfuko kutoka bega hili kwenda lile, akaongeza hatua ili wafike pamoja. Kulikuwa na magunia ya kukamua, na mpini ule mtu mmoja peke yake humchosha upesi.